Unajiandaa na RHCSA? Jenga maabara kwenye kompyuta uliyonayo, alafu iharibu

Watu wengi wakitaka kuanza kusomea RHCSA, cheti cha Red Hat cha kusimamia mashine za Linux, swali la kwanza huwa ninunue seva gani, na mi jibu langu ni usinunue kitu kwanza, angalia hiyo laptopu uliyonayo ina ramu kiasi gani. Mtihani wenyewe, EX200, sio wa kuchagua a b c d. Unawekwa mbele ya mashine, unapewa kazi, unazifanya. Hakuna intaneti, hakuna daftari, una kurasa za man (maelezo ya komandi yaliyomo ndani ya Linux) na nyaraka zilizokuja na mfumo wenyewe basi. Alafu kuna sharti moja ambalo lilibadilisha kabisa namna nilivyosoma: kila ulichokiweka lazima kiendelee kuwepo mashine ikizimwa na kuwaka tena. Mi niliangalia video miezi mitatu, naelewa kila kitu, naitikia kichwa, siku niliyokaa mwenyewe mbele ya skrini nyeusi nikashindwa hata kuweka anwani ya IP bila kwenda kutafuta mtandaoni. Hapo ndo nikaanza kujenga maabara.

Ramu ndo itakayokubana kabla ya prosesa. Maabara yenyewe ni mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya laptopu yako. Mashine pepe ya Linux isiyo na madirisha wala mausi, ile ya kuandika komandi tu, ipe GB 2 wakati wa kuinstoli, ukimaliza unaweza kuishusha mpaka GB 1 na mazoezi mengi yanaenda vizuri. Nilianza na laptopu ya GB 8, mashine mbili, brauza nimeifunga, ikaenda. Baadae nikaongeza ikafika 16 nikawa nawasha tatu bila wasiwasi. Kama kuna hela ya kitu kimoja tu na ramu sio mbaya sana basi weka SSD, kwa sababu mashine mbili zikibuti pamoja kwenye diski ya kuzunguka unasubiri mpaka hamu ya kusoma inaisha, na hamu ndo kitu cha kulinda kuliko vyote ukiwa unasoma usiku baada ya kazi.

Kabla hujadaunlodi chochote ingia kwenye biosi uhakikishe uwezo wa mashine pepe umewashwa, kwenye Intel unaitwa VT-x, kwenye AMD mara nyingi utaona SVM. Ukiona VirtualBox, programu ninayoendeshea mashine pepe, inakupa mifumo ya biti 32 tu wakati prosesa yako ni ya 64, tatizo mara nyingi ni hilo. Na kama uko kwenye Windows ukaona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine, maana yake Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, imewashwa na VirtualBox inapita juu yake, ndo maana kila kitu kinajikongoja.

Kuhusu mfumo, Red Hat wana akaunti ya bure ya madevelopa ambayo mtu binafsi anaruhusiwa kusajili mpaka mashine 16, hizo zinatosha na kubaki. Usipotaka kujisajili AlmaLinux au Rocky Linux zinafanya kazi ileile, komandi ni zilezile. Ila angalia mtihani unaofanya ni wa toleo gani kabla ya kushusha, na kama laptopu yako ni ya zamani ujue toleo la 10 la RHEL, yaani Linux ya Red Hat wenyewe, linadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, wakati la 9 linaridhika na v2. Prosesa isiyo na AVX2 (moja ya maelekezo yanayodaiwa na kiwango hicho cha v3) haitabuti RHEL 10 hata ufanyeje, kwahiyo usipoteze wikiendi nzima ukidhani faili la ISO limeharibika.

Sasa netiweki, hapa nakaa kidogo maana iliniumiza. Nilitengeneza mashine mbili, node1 na node2, nikaziacha kwenye NAT, yaani zinatoka intaneti kwa kupitia laptopu, kama VirtualBox ilivyoziweka. Zote zinaingia intaneti safi kabisa. Naangalia IP ya node2 ni 10.0.2.15, narudi node1 napiga ping 10.0.2.15, inajibu, tena haraka ajabu. Nikafurahi. Naingia kwa ssh (komandi ya kuingia mashine nyingine kwa mbali), pasiwedi inakubali, natengeneza faili, naenda node2 faili halipo. Nimerudia hivyo zaidi ya saa nzima mpaka nilipoandika hostname baada ya kuingia, nikasoma node1. Nilikua najiingilia mwenyewe! Kwenye NAT ya kawaida ya VirtualBox kila mashine inapewa chumba chake peke yake, na kila moja inapata hiyohiyo 10.0.2.15, wala haziwezi kuonana. Dawa yake ni kuongeza kadi ya pili ya netiweki kwa kila mashine, uiweke host-only, yaani netiweki ya ndani kati ya laptopu na mashine zake pepe tu, hiyo NAT iache ibaki kwa ajili ya intaneti. Kwenye kadi ya pili mi niliipa node1 192.168.56.11 na node2 192.168.56.12, nimeziweka kwa mkono kwa nmcli (komandi ya kupanga netiweki), na kuziweka kwa mkono kwenyewe tayari ni zoezi la mtihani. Ukipata ping inayojibu, thibitisha ni nani anayejibu.

Alafu weka diski za ziada. Mashine pepe inakuruhusu kuchomeka diski mbili tatu za GB 5 ambazo kwenye laptopu hazili nafasi mpaka uzijaze, na hapo unapata uwanja wa LVM (kugawa na kupanua nafasi ya diski), swap (nafasi ya diski inayosaidia ramu) na mengineyo bila kugusa diski ya mfumo. Tengeneza, panua, futa, anza tena. Hapo ndo niligundua kwa vitendo kwamba XFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, inakua tu, haipungui. Nilikua nimeisoma mahali ila haikukaa kichwani mpaka siku niliyotaka kuipunguza nikakwama.

Somo kubwa kuliko yote lilitoka kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia mashine diski zipi izipachike ikiwaka. Nilinakili UUID (namba ndefu ya utambulisho wa diski) kwa macho, herufi moja nikakosea, nikaseva, nikariboti, mashine ikagoma, ikaniletea hali ya dharura inadai pasiwedi ya root, mtumiaji mkuu wa mashine. Mara ya kwanza niliogopa nikaifuta mashine nzima nikainstoli upya, na hilo ndo kosa ninalokuomba usilirudie, maana pale ndo palikua na elimu yenyewe. Ya pili nilitulia: nikaweka pasiwedi, nikaandika mount -o remount,rw / ili niruhusiwe kuandika, nikafungua fstab, nikarekebisha, nikariboti, ikawaka. Siku hizi sigusi fstab bila kupiga mount -a (inajaribu kupachika kila kilichoandikwa humo) kabla ya riboti, inakulalamikia hapohapo ukiwa bado una mashine iliyo hai.

Pasiwedi ya root nayo isahau makusudi, ujizoeze kuiweka upya. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikianza kuwaka, bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza init=/bin/bash, buti kwa Ctrl na x, remount, passwd, kisha touch /.autorelabel. Hiyo ya mwisho ndo watu wanaisahau, SELinux (ulinzi wa Linux unaotumia lebo za mafaili) inakuta lebo ya faili la pasiwedi imepotea na unafungiwa nje ukiwa na pasiwedi sahihi mkononi.

Snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, piga moja baada ya kuinstoli, mashine ikiwa safi, uipe jina linaloeleweka. Usizirundike. Nilikua na kumi na kitu kwa kila mashine, diski ya laptopu ikajaa mpaka mwisho, mashine zote zikajisimamisha katikati ya kazi.

Ratiba yangu ya wiki za mwisho ilikua hivi: narudi kwenye snapshoti safi, nazima intaneti, najipa kazi kumi na tano kwenye karatasi, naweka saa. Zikiisha sikagui chochote kwanza, nariboti mashine zote mbili ndo nakagua. Siku ya kwanza zilibaki hai kazi sita tu. Anwani niliyoiweka kwa ip addr add ilipotea, ilitakiwa nmcli. Fayawoli nilisahau --permanent. Setsebool, ya kubadili swichi za SELinux, niliipiga bila -P, imerudi ilivyokua. Huduma nimeistart ila sijaienable ili ijiwashe yenyewe mashine ikiwaka. Nilizungushia kila iliyokufa, na kesho yake nikaanza na hizo tisa kabla ya kitu kingine chochote.