Jibu: Dodoma hadi Dubai, ni kilomita na saa ngapi?

Mkuu, umeuliza mama akitoka Dodoma kwenda Dubai atakaa angani muda gani, maana tiketi ya Dar hadi Dubai inaonyesha saa sita na nusu. Dar hadi Dubai ni saa tano na nusu tu. Muda wa kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo: akiondoka Dar 16:45 na kufika 23:15, toa saa moja, kwa kuwa Dubai wako mbele yetu. Wakati wa kurudi utaona kinyume, safari itaonekana fupi. Na hiyo 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano jioni. Mwandikie hivyo kwenye karatasi, wengi wameachwa na ndege hapo.

Umbali: Dodoma–Dar ni kama kilomita 390 kwa anga, saa moja na ushee. Dar–Dubai ni karibu 4,000. Kukadiria safari ya jeti, gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua.

Shida hasa iko Dar, anapobadilisha ndege. Ndege za ndani zinashukia Jengo la Pili, za nje zinaondokea la Tatu, na ni mwendo wa gari. Tiketi zikiwa mbili tofauti, atachukua mizigo na kuikabidhi upya, na ya Dodoma ikichelewa, ya Dubai haimsubiri. Mwachie saa tano katikati. Kaunta hufungwa kama saa moja kabla ya kuruka.