Unayejiunga na chuo, usitafute chumba cha watu wa kwenu

Barua za kujiunga na chuo zikitoka, wazazi hapa Nakuru huniuliza: mtoto atalala chumba kimoja na nani? Wengi huanza kupiga simu wakimtafutia mtu wa kwao, wa lugha yao. Mimi huwasihi wamwache. Kama anaenda Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, mnunulieni blanketi zito, maana pale ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na baridi ni kali, kisha alale na yeyote atakayepangiwa.

Nilisoma Egerton mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chuo hicho, kilichoanzishwa 1939 kama shule ya kilimo, kilikuwa kimepandishwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na wanafunzi walitoka kila pembe ya nchi. Mimi nilitoka Kakamega. Nilipangwa na mmoja wa Kericho na mwingine ambaye wazazi wake walikuwa na shamba Molo.

Kilichotuunganisha kwanza ni sufuria. Mwaka wa masomo wa 1991/92 serikali ilianza kututoza karo, na chakula cha mesi kikawa cha kulipia. Bumu, yaani pesa zetu za matumizi, likawa linaisha muhula ukiwa mchanga. Tukachanga unga, sukuma wiki na maharagwe, tukapika chumbani kwa koili, jiko dogo la umeme, tuliyoificha chini ya kitanda. Mkila pamoja hivyo kila jioni mnajuana: nani ana mgonjwa nyumbani, nani hana nauli, nani hukasirika akiwa na njaa.

Halafu, mwaka 1992, mapigano ya kikabila yakafika Molo, karibu kabisa na sisi. Mwenzetu akapata habari kwamba nyumba yao imechomwa na wazazi wamekimbilia kanisani. Huko mesi watu walikuwa wameanza kukaa na wa kwao tu. Aliyetoa pesa kwanza, bila kuombwa, ni yule wa Kericho. Alitoa bumu lake lote mwenzake apate nauli ya kwenda kuwatafuta wazazi, na usiku alikesha naye redioni wakisubiri taarifa. Wanasiasa walikuwa wakiwaambia watu wa jamii za hawa wawili kwamba wao ni maadui. Naamini kabisa kwamba kama wangekuwa wamejuana wiki ile tu, asingeweza.

Kwa hivyo, komredi mgeni, chama cha wanafunzi wa kaunti yenu jiunge nacho. Msiba ukitokea kinasaidia sana. Lakini chumbani, mezani na katika kundi la kusoma, changanyika. Jifunze salamu za lugha ya mwenzako wiki ya kwanza. Changeni chakula hata kama pesa unazo. Muulize jina la mama yake na la soko lililo karibu na kwao, uandike kwenye daftari, maana simu hupotea na namba hubadilika. Likizo ya kwanza ikifika, mwombe akupeleke kwao ukawaamkie wazazi, na usiende mikono mitupu: beba sukari na mkate.