Daktari wa kwenye simu hana mikono

Kwenye simu ya video daktari anakuona na kukusikia, ila hawezi kukubonyeza tumbo wala kukushika kifundo cha mkono ahesabu mapigo. Mikono ya kazi hiyo ni yako.

Kwa hiyo usiishike simu. Iegemeze kwenye kopo la maziwa, usawa wa macho, na ukae ukitazama dirisha. Ukiligeuzia mgongo, uso unakuwa kivuli kitupu. Mkubaliane mapema nani atapiga tena simu mtandao ukikatika. La sivyo mtapigiana kwa pamoja, kila mmoja akute mwenzake anatumika. Sauti ikianza kukwaruza, zima video kwanza.

Shida nyingine iko kwenye maneno yetu. "Mguu" unaanzia nyongani hadi vidoleni, "tumbo" ni uwanja mzima, na "homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria. Ukisema tumbo linauma, sogea nyuma uonekane, kisha gusa kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Kiganja kizima hakimwelekezi popote. Homa itajie nyuzi: 38.5, kwapani, jana saa mbili usiku. Na "sijambo" ya salamu ni adabu tu, ifuatishe mara moja na kinachokusumbua na tangu lini.

Mtoto anayekohoa ndiye anayehitaji umakini zaidi. Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mvue shati, elekeza kamera kifuani na tumboni, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi ni kupumua haraka. Kuanzia mwaka hadi miaka 5, ni 40. Hesabu yako wewe uliye naye ndiyo ya kuaminika, kwani video ikikwamakwama daktari hupoteza pumzi mbili tatu bila kujua. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, kata simu umpeleke hospitali.

Macho ya manjano nayo hupotea kirahisi, kwa sababu kamera hurekebisha rangi yenyewe. Shika karatasi nyeupe kando ya uso ili daktari apate cha kulinganisha. Upele upige picha ya kawaida, moja ya mbali na moja ya karibu yenye sarafu pembeni, uitume kabla ya miadi.

Dawa usiitikie "sawa" tu. 1×3 (kidonge kimoja mara tatu kwa siku) isome kwa saa zako: "Kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku, siku tano." Kisha sogeza boksi kwenye kamera, usome jina na miligramu kwa sauti. Akisema ulichoshika ni cha 500 na yeye ameandika 250, hapo ndipo pa kusahihishana, kabla hujameza.