Kabla hujatoboa matundu ya daraja

Wiki hii nimetumiwa picha za besi tatu (magitaa ya sauti nzito) zinazotengenezwa na vijana watatu wasiojuana, na zote zina ugonjwa mmoja. Daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi, limeshakazwa kwenye mwili, skrubu tano zimezama, na shingo bado imebanwa kwenye jiriwa ikisubiri kuchongwa. Nikamwuliza mmoja wao, mdogo wangu, umepima kuanzia wapi? Akajibu, "Nimefuata mchoro, kaka." Mchoro! Mchoro unajuaje kwamba shimo lako la kukalishia shingo limeingia milimita mbili zaidi?

Basi nayaandika haya mara moja, kwa mapenzi na kwa hasira kidogo, ili mkikosea mkosee mapya.

1. Mbao. Ubao wa shingo urande kidogo, uache ulale siku kadhaa, urande tena. Nyuzi nne zikishakazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na kitu usiku na mchana, kwa hiyo kama ubao una tabia ya kupinda, ni heri uioneshe ungali ubao.

2. Freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Skeli, yaani urefu wa uzi kutoka kwenye nati (kile kipande cha mwanzo wa shingo kinachobeba nyuzi) hadi kwenye daraja, ikiwa ya inchi 34 ni milimita 863.6. Gawa kwa 17.817, freti ya kwanza inakaa milimita 48.47 kutoka kwenye nati; kilichobaki gawa tena, na tena. Hayo mnayajua. Ila mkienda kutia alama, kila freti ipimwe kutoka kwenye nati. Ukipima freti hadi freti, kosa la robo milimita linarithiwa na zote zinazofuata, na ukifika ya 20 limeshakuwa ukoo mzima.

3. Daraja. Hapa ndipo nilipozikwa.

Ilikuwa besi yangu ya pili. Ya kwanza ilitoka vizuri kwa bahati, nami bahati ile nikaiita ujuzi. Nilikuwa na rula ya chuma ya mita moja iliyolika mwanzoni, sifuri yenyewe huioni, kwa hiyo nikafanya wanavyofanya mafundi: nikaanzia kwenye milimita 10. Maana yake alama yangu ya daraja ilipaswa kuangukia kwenye 873.6. Nikaitia kwenye 863.6. Nikapima tena kuhakikisha. Nikapima mara ya tatu, maana mimi ni mtu makini. Mara zote tatu nilianzia kwenye 10, na mara zote tatu rula ilinipongeza.

Sadoli, vile vipande vya daraja vinavyobeba kila uzi na kusogea mbele na nyuma, nikaziweka katikati ya njia yake, nikatoboa, nikakaza. Nikapaka mafuta mikono sita, nikasubiri yakauke kama mtu mwenye adabu, nikatia nyuzi. E, uzi mnene kuliko wote, ikiwa wazi, tyuna (kipima sauti) imetulia kwenye kijani. Nabonyeza freti ya 12, sindano inakimbilia kulia: sauti imepanda senti 30 na zaidi, na senti 100 ndizo nusu toni.

Nikalaumu nyuzi, nikanunua seti mpya. Nikalaumu betri ya tyuna. Nikalaumu nati, nikaitia tupa mpaka uzi wa E ukaanza kugonga freti ya kwanza. Sasa nina matatizo mawili. Nikarudisha sadoli zote nyuma mpaka springi zikabanwa kabisa, na bado sauti za nyuzi zote nne zilikuwa juu, E ikiongoza, kwa sababu uzi mnene unadai milimita kadhaa zaidi ya mwembamba. Nikakata springi ya E kwa koleo. Nikaigeuza sadoli, mbele ikawa nyuma. Nikapata milimita mbili nikashangilia peke yangu chumbani. Ikabaki juu.

Wiki tatu nilikuwa natibu kila kiungo isipokuwa kinachouma. Na muda wote huo nilikuwa nawaambia watu kwamba besi imekwisha, bado "kurekebisha kidogo tu".

Akaja rafiki yangu mpiga besi. Akaishika, akapiga mstari mmoja huku chini, safi kabisa, nikaanza kuvimba kichwa. Akapanda juu. Akasimama. Hakusema neno. Akachukua uzi mmoja wa zamani uliokuwa mezani, akaunyoosha kutoka kwenye nati hadi freti ya 12, ambayo ni nusu ya skeli, akaubana kwa kucha hapo ulipoishia. Kisha akauhamisha: mwanzo kwenye freti ya 12, mwisho kuelekea kwenye daraja. Ukucha wake ukaipita sadoli ya G, uzi mwembamba kuliko wote. Sadoli zimerudi mpaka ukutani, na bado ukucha umezipita!

Akauliza, "Ulianzia wapi?"

Nikaenda kuleta rula nimwoneshe asivyojua kitu. Nikailaza juu ya shingo, nikaishika kwa kidole kwenye nati kama nilivyozoea, nikatazama chini. Kidole kiko kwenye 10.

Nilikaa sakafuni. Yeye akaendelea kupiga zile noti za chini, ambazo, nasema tena, zilikuwa safi.

Matibabu yalichukua siku mbili: vizibo vitano vya mbao ngumu, gundi, kusubiri, kisha matundu mapya milimita 10 nyuma ya yale ya zamani. Bamba la daraja limefunika vizibo vyote. Ukiitazama huoni kitu. Mimi naviona.

Kwa hiyo shingo ifungwe kwanza. Pima kutoka kwenye nati hadi freti ya 12, halafu umbali huohuo uutafute kutoka freti ya 12 hadi sadoli ya G iliyosogezwa mbele karibu kabisa, ili zile nyingine ziwe na pa kurudi. Kisha vuta nyuzi mbili za pembeni uone zimekaa sawa na kingo za shingo. Ndipo ushike keekee.

4. Ruta, mashine ya kuchonga mbao. Milimita 3 kwa mpito mmoja, na kwenye pembe za mwili punguza zaidi.

5. Trasirodi, fimbo ya chuma ndani ya shingo inayoizuia isipinde. Kabla ya kuchonga mgongo wa shingo, andika hesabu ukutani kwa herufi kubwa: unene milimita 21 kwenye freti ya kwanza, toa 6 za fretibodi (ubao unaobeba freti), toa 10 za mfereji wa fimbo hiyo. Umebaki na 5. Tano tu, na hapo bado hujapiga msasa. Yuko fundi ninayemheshimu sana aliyesikia tupa yake ikibadilisha sauti, kutoka mlio wa mbao kwenda mlio wa chuma. Alizima taa akaenda kulala.

6. Pembe ya juu ya mwili ifike usawa wa freti ya 12, la sivyo kichwa kitakuwa kinasinzia kila ukiachia mkono.

7. Umeme. Potenshometa (vile vya kuzungusha sauti) za kilo-omu 250, kapasita ya maikrofaradi 0.047, hilo ndilo la kawaida kwa pikapu za kawaida, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mlio wa nyuzi. Waya wa athi upite chini ya daraja kabla ya kulikaza (nimeshalifungua daraja mara ngapi kwa ajili ya waya huu, msiniulize). Kabla ya kutia nyuzi, chomeka waya wa amplifaya kwenye jeki, ugonge sumaku za pikapu kwa bisibisi. Ikiita "tok", endelea.

Na wewe wa "nimefuata mchoro": usizibe hayo matundu leo. Maliza shingo, ifunge, unyooshe uzi kama yule rafiki yangu, unitumie kipimo cha freti ya 12 hadi sadoli. Na picha ya rula, tafadhali, ikionesha kidole chako kiko wapi.