Zoezi gani hilo?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ameona tangazo ukutani: "Zoezi la kuchakata upya silikoni ya paneli chakavu za sola." Anauliza: ni kuchakata upya au kurejeleza?

Yote mawili yanafaa, kila moja mahali pake. Sisi wa Tanga kuchakata tunakujua kwa mkonge: majani yanaingia kwenye korona, ile mashine ya kuyaparua, singa, yaani nyuzi zake, zinatoka. Paneli nayo huchakatwa, zikatoka alumini, shaba, fedha na silikoni, ile inayotengenezea seli, vipande vinavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Silikoni hiyo ikirudi kiwandani kuwa malighafi, ndipo imerejelezwa. Kurejeleza kumezaliwa na kurejea, tuliyoipata kwa Waarabu. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni hilo "zoezi". Zoezi limetokana na kuzoea: ni jambo unalolirudia mpaka mwili au akili ilizoee. Mwanafunzi ana zoezi la hesabu, askari ana mazoezi ya gwaride. Leo tuna zoezi la kufagia soko, zoezi la kugawa vyandarua, na msibani nimesikia kwa masikio yangu "zoezi la kuaga mwili". Jamani! Nani anajizoeza kuaga maiti?

Tuifuate hiyo paneli. Fremu ya alumini inang'olewa. Plastiki iliyoshikiza seli kwenye kioo inachomwa katika tanuri la nyuzijoto 500 hivi, kioo kinaachia; na kioo ndicho karibu robo tatu ya uzito wote. Seli zinatiwa tindikali ili fedha itoke. Silikoni inayobaki, asilimia chache tu za uzito ule, inasafishwa, kisha inayeyushwa kwa joto la nyuzi 1,414. Kung'oa, kuchoma, kusafisha, kuyeyusha: vitenzi vilivyoshiba. Sasa sema "zoezi la kung'oa fremu lilifuatiwa na zoezi la kuchoma plastiki". Fundi hayumo, moto haumo, imebaki lugha ya muhtasari wa kikao. Mbaya zaidi, "zoezi limekwama" halina wa kuulizwa. "Hatujang'oa fremu" ina wenyewe.

Zoezi libaki darasani, uwanjani na kambini. Kwingine, kitenzi kinatosha, na kikipungua, kazi na shughuli zipo. Tangazo liandikwe: "Tunachakata paneli chakavu za sola na kurejeleza silikoni yake."