Land Rover ya 1978 si Defender
Mkuu, unasema unauza Land Rover ya mzee na fundi wako wa Unga Limited, Arusha, anakwambia ni Defender. Kama kadi ya gari inasema 1978, hiyo siyo Defender, hata fundi aape vipi. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ila jina Defender lilikuja 1990, baada ya Discovery, gari lao jingine, kuingia sokoni 1989 na kampuni kuona sasa lazima kila gari liwe na jina lake. Ya mzee ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 unayosikia watu wakiiongeza kwenye jina lake ni inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma.

Simama mbele yake uangalie: grili imeingia ndani, madigadi yametokeza pembeni. One Ten ya 1983, ambayo ndiyo baadaye ikaitwa Defender, uso wake umenyooka. Kisha chungulia chini. Ukikuta springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, ni Series. One Ten ina koili. Ndiyo maana ya mzee inawarusha hivyo mkienda Monduli.

Bei usishushe lakini. Series III nzima siku hizi wanaitafuta sana.