Maswali ya Wasomaji: Ukuta Mnene Unaizuia Tsunami?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajenga nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, si mbali na ufuo. Fundi wangu anashauri upande unaotazama bahari niweke ukuta mnene wa matofali, usio na dirisha kwa chini, ili hata tsunami ikija maji yasiingie. Mwanangu anayesomea uhandisi anasema ukuta huo ndio utakaoiponza nyumba. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, katika hili mwanao ana hoja, ingawa fundi naye hakukosea kuifikiria bahari. Mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 yalifika hadi pwani yetu yakiwa yamepungua nguvu sana, na bado watu wasiopungua 10 walipoteza maisha nchini, miongoni mwao waliokuwa wakiogelea.

Tsunami haifanani na wimbi la kusi linalopiga ufuo na kurudi kwa sekunde chache. Ni bahari yenyewe inayopanda na kuendelea kuingia nchi kavu kwa dakika nyingi, kisha inarudi kwa kasi na kuja tena. Kwa hiyo ukuta hausukumwi mara moja ukaachwa, unasukumwa mfululizo.

Chukua maji ya kina cha mita 2 yaliyosimama upande mmoja tu wa ukuta. Kwa uzito wake pekee, maji hayo yanausukuma kwa nguvu ya takriban tani 2 kwa kila mita 1 ya urefu wa ukuta, na kina kikiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Hapo hatujataja mwendo. Maji yanayokwenda mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo baiskeli huifikia bila shida, yanaweza kukandamiza kizuizi kwa takriban tani 2.5 kwa kila mita ya mraba, na kasi nayo ikiongezeka maradufu, mkandamizo unakuwa mara nne. Ukuta wa matofali ya inchi 6 usio na nondo hauwezi kuhimili hayo. Ukiuimarisha ukahimili, mzigo wote unahamia kwenye nguzo na msingi, na hilo ndilo analoliogopa mwanao. Maji yakipata njia ya kuingia, kina cha ndani na cha nje hukaribiana, na msukumo wa ule uzito hupungua sana.

Pia maji huinua. Kila mita 1 ya ujazo ya hewa iliyonaswa chini ya jamvi la juu (sakafu ya zege ya ghorofa), katikati ya boriti, huiinua nyumba kwa takriban tani 1. Huko Onagawa, Japani, tsunami ya Machi 2011 iliyapindua majengo ya zege yakiwa mazima, kikiwemo kituo kidogo cha polisi ambacho kimehifadhiwa kikiwa kimelala hivyo hivyo.

Halafu kuna vinavyobebwa: magogo, mashua, magari, makontena. Kwa hiyo nguzo ya kona inayotazama bahari isiwe nyembamba, na ringi zake, yaani vyuma vinavyozizunguka na kuzifunga nondo, zisiachiane mno. Najua pia kwamba mkazi wa Dar es Salaam hakubali kulala bila grili, lakini fahamu kwamba grili hunasa takataka, na dirisha lililoziba kwa mbao na majani huwa ukuta tena mbele ya maji.

Jambo ninalotaka ulipe uzito kuliko yote ni mchanga ulio chini ya nyumba yako. Maji yanayozunguka kona ya jengo huongeza kasi na kuuchota mchanga, na yanaporudi baharini huuchota tena, hadi msingi mfupi unabaki ukining'inia na nguzo kuzama upande mmoja hata kama zege lake halina ufa. Fedha ulizotaka kuzitia kwenye ukuta mnene zitafaa zaidi kwenye msingi wa kina, uliofungwa kwa mihimili inayoziunganisha nguzo zote, baada ya udongo kupimwa.

Mwombe mhandisi akuchoree fremu ya zege yenye nondo inayobeba nyumba yote bila kutegemea kuta. Kuta za chini upande wa bahari ziwe nyepesi, zinazoweza kubomoka bila kuzivuta nguzo, na milango ya mbele na ya nyuma ikabiliane ili maji yapite. Ikiwezekana, upande mfupi wa nyumba ndio uelekee bahari. Ngazi ya kupandia juu iwe ya zege na iwekwe upande wa bara.

Kabla ya hayo yote, pimeni umbali wa kiwanja kutoka alama ya maji kujaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ufuo, na nyumba iliyo ndani ya ukanda huo ina tatizo ambalo fundi na mhandisi hawawezi kulitatua.